Siku Saba kwa Mtendaji

Sheria ya Wakimbizi ya Tanzania, namba 9 ya mwaka 1998, ina kifungu kimoja ambacho ningependa kibandikwe ukutani katika kila ofisi ya kijiji ya pwani yetu, kuanzia mpaka wa Kenya hadi mdomo wa Ruvuma. Iliandikwa kwa Kiingereza cha mahakamani, kwa hiyo nitakilainisha. Mtu akiingia nchini, iwe kwa njia halali au ya panya, na akataka kukaa kama mkimbizi, basi ndani ya siku saba ajipeleke mbele ya ofisa aliyeidhinishwa, au mlinzi wa amani, au afisa mtendaji wa kijiji aliye karibu.

Ndugu msomaji, rudia hapo mwisho. Mtendaji wa kijiji! Yule yule wa ushuru wa korosho, wa kesi ya mbuzi kula mpunga, wa barua ya utambulisho ya kufungulia akaunti benki. Sheria ya nchi inasema kwamba mlango wa kwanza wa hifadhi, mlango ambao huko Ulaya unalindwa na majengo ya ghorofa na mashine za alama za vidole, kwetu unaweza kuwa mlango wa mbao wenye kufuli la elfu tatu, na mwenye ufunguo kaenda shamba.

Nasema haya kwa sababu ndiyo kazi yangu. Mimi ni afisa sheria wa ngazi ya chini kabisa katika shirika moja la hisani hapa Dar es Salaam linalosaidia wakimbizi na wasio na uraia. Usinifikirie nikiwa na joho. Nina kalamu, nina daftari la kurasa mia moja, nina benchi la wateja ambalo mguu wake mmoja tumeuwekea tofali. Mabosi wangu wanakwenda wizarani. Mimi nakwenda kutoa fotokopi. Lakini anayemsikiliza mtu wa kwanza ni mimi, na kazi yote inayofuata inasimama juu ya nilichoandika siku ile.

Kazi yenyewe iko hivi. Mtu anaingia asubuhi, mara nyingi kafika mjini kwa basi la kutoka Kigoma, na kibali cha kutoka kambini hana. Anakaa. Anaanza kusimulia kuanzia katikati, kwa sababu hakuna binadamu anayesimulia balaa lake kuanzia mwanzo. Naandika, namsomea, anasema hapana dada, siyo hivyo. Nafuta. Naandika upya. Mkongomani wa Kivu anakwambia, "Nilikimbia juu ya vita." Kwao "juu ya" ni "kwa sababu ya". Kwa sikio la Dar, "juu ya vita" ni habari za vita, kama vile mtu anazungumzia taarifa aliyoisikia redioni. Karani mwenye haraka anaweza kuandika kwamba mwombaji alieleza habari za vita, na pale pale mtu aliyenusurika akageuka kuwa msimulizi. Vijana wenzangu mnaotaka kuandika hadithi, njooni mkae wiki moja kwenye benchi letu. Mtajua uzito wa kiunganishi.

Wengi hudhani kazi hii imeletwa na Umoja wa Mataifa, na kwamba kabla ya mkataba wa Geneva wa 1951 hapakuwa na mkimbizi, walikuwepo wasafiri tu. Sivyo. Pwani hii imekuwa ikiwahoji wakimbizi muda mrefu kabla ya karatasi za Geneva, na neno ilikuwa nalo tangu zamani: mtoro. Nimelitafuta neno hilo kwa sababu mama yangu ni mtu wa Nyamisati, na Nyamisati ni mahali ambapo ukimwuliza mtu kwao ni wapi, anafikiri kwanza kabla ya kujibu.

Kwa asiyepajua: shika barabara ya Kilwa hadi Bungu, kata kushoto, tembea kama kilomita 40 hivi, na barabara inaishia majini. Kulia kwako mikoko inaanza, na haiishi hadi macho yachoke, maana delta ya Rufiji ndiyo yenye msitu mkubwa wa mikoko kuliko mwingine wowote Afrika Mashariki. Mbele, ng'ambo ya bahari, ni Mafia, na boti za Kilindoni zinaondokea hapo. Ndani ya delta wanakaa Wanyagatwa na Wandengereko, na wavuvi wa dago kutoka kila upande: watu wa Kilwa, wa Mafia, wa Unguja, wanaopiga kambi miezi kadhaa, wanakula samaki wao, wanaondoka. Zamani majahazi yalikuja na upepo wa kaskazi kuchukua boriti za mikoko, yakazipeleka mpaka Uarabuni kujengea nyumba. Kwa hiyo mgeni Nyamisati si habari. Habari ni pale mgeni anapoulizwa karatasi.

Sasa turudi nyuma, 1873. Mwezi Juni mwaka ule Sultani Barghash alibanwa na Waingereza akatia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa la Unguja na kuzuia kuwasafirisha kwa bahari. Wafanyabiashara nao hawakulala. Wakahamia nchi kavu. Misafara ikaanza kutembea kwa miguu kutoka Kilwa kwenda kaskazini, ikivuka Rufiji. Desemba hiyo hiyo ofisa mmoja wa ubalozi wa Kiingereza, Frederic Elton, alitumwa kushuka kwa miguu kutoka Dar es Salaam hadi Kilwa. Njiani alihesabu, na kwa muda wa mwezi mmoja hivi akaona watumwa zaidi ya 4,000 wakipelekwa kaskazini.

Lakini hakutumwa kuwaachia hao. Kazi aliyopewa ilikuwa kuwapa uhuru watumwa waliomilikiwa na Wahindi, kwa kuwa Wahindi wale walihesabika raia wa Malkia, na raia wa Malkia alikatazwa kumiliki mtu. Pima jambo hili vizuri. Wanawake wawili wanatwanga kwenye ua mmoja. Wote walitekwa njia moja, karibu na Ziwa Nyasa tuseme. Bwana wa huyu ni Mhindi wa Kachi, bwana wa yule ni Mswahili wa pale pale. Ofisa anafika na kalamu. Huyu anapewa karatasi, yule anaendelea kutwanga. Hakuna aliyewauliza waliteswa vipi. Swali lilikuwa: wewe ni wa nani?

Kila ninapojaza fomu sehemu ya utaifa na kabila nawakumbuka wanawake wale, ingawa nimewabuni mwenyewe. Mtu wa Kongo aliyetoka Fizi na mtu wa Burundi aliyepitia Fizi hiyo hiyo wanaweza kuwa wamekimbia risasi za aina moja, na fomu ikawatenganisha.

Miaka kumi na mitano baadaye, kaskazini mwa pwani hiyo hiyo, kulitokea kesi ambayo kwa maoni yangu ndiyo babu wa kazi yangu. Wamisionari wa CMS walikuwa wamejenga Frere Town karibu na Mombasa mwaka 1875, makao ya watumwa walionaswa na manowari za Kiingereza na kuachiwa. Hao walikuwa halali. Ila kule Rabai, kituo cha ndani zaidi, walikuwa wakiingia watu ambao hawakuachiwa na yeyote. Walijiachia wenyewe. Watoro. Walijenga vibanda, wakalima, wakaimba nyimbo za kanisa, na wamisionari, sijui niseme kwa huruma au kwa kupenda kanisa lijae, hawakuuliza sana. Mwishoni mwa 1888 mabwana zao walichoka, wakataka mali yao. Ilikaribia vita. Ndipo George Mackenzie wa kampuni mpya ya Waingereza ya Afrika Mashariki akaamua kuwalipa mabwana fidia, na tarehe 1 Januari 1889 watoro wapatao 1,400 wakapewa hati za uhuru.

Watu 1,400! Mtu anayejua kazi hii anajua maana yake. Kila mmoja aliitwa, akaulizwa jina, akaulizwa bwana wake nani, alitoroka lini. Kuna aliyetaja jina la utumwani na aliyetaja la ubatizo. Lazima walikuwepo waliodanganya, na lazima walikuwepo waliosema kweli wasiaminiwe. Vitabu vinamtaja Mackenzie. Aliyekaa na kalamu toka asubuhi mpaka mkono ukafa ganzi sijamwona akitajwa, na mimi huyo ndiye ningependa kunywa naye chai.

Upande wetu, Wajerumani hawakufuta utumwa kwa sheria moja. Walitoa hati moja moja, maelfu ya hati, mtu kwa mtu, boma kwa boma. Sheria ya kuufuta kabisa Tanganyika ilikuja 1922, chini ya Waingereza. Maana yake ni kwamba kwa kizazi kizima uhuru wa mtu wa kawaida ulitegemea kama aliweza kufika kwenye boma, na kama karani wa siku hiyo alikuwa na moyo.

Baada ya uhuru mambo yalichukua sura nyingine. Msomaji wa umri wangu amefundishwa kwamba Tanzania ilikuwa nyumba ya wakimbizi, na ni kweli. Wanyarwanda waliingia kuanzia 1959 na mwanzoni mwa miaka ya sitini. FRELIMO ilizaliwa Dar es Salaam Juni 1962, na vita vya Msumbiji vilipoanza Septemba 1964, watu wakavuka Ruvuma kwa maelfu. Rutamba kule Lindi ikawa makazi yao. Warundi wakaja 1972, wakapelekwa Ulyankulu, Katumba, na baadaye Mishamo. Walipewa mashamba. Walilima mpaka wakauza chakula nje ya makazi. Mwaka 1980 maelfu ya Wanyarwanda wakapewa uraia, na 1983 Mwalimu Nyerere akatunukiwa nishani ya Nansen. Mkutano mkubwa wa wakimbizi wa Afrika ulifanyika wapi, mwaka 1979? Arusha, bila shaka.

Hapo ndipo niliposhangaa nilipoisoma kwa mara ya kwanza sheria iliyotumika miaka yote hiyo. Ilikuwa sheria ya 1965, na jina lake lenyewe linatisha: Sheria ya Kudhibiti Wakimbizi. Kudhibiti! Haimwulizi mtu anaogopa nini. Inampa waziri uwezo wa kutangaza kundi fulani kuwa wakimbizi, inampa mkuu wa makazi uwezo wa kuamuru nani akae wapi, na mkimbizi akitoka bila kibali ana kosa. Ukiisoma bila kujua historia utadhani imeandikwa na serikali inayowachukia wageni. Kumbe chini ya sheria hiyo kali watu walipewa ardhi na shule, na mwisho uraia.

Halafu ikaja 1994. Tarehe 28 Aprili, ndani ya saa 24, Wanyarwanda wanaokadiriwa 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakaingia Ngara. Fikiria mji mzima ukivuka daraja moja huku umebeba magodoro. Benaco ikawa mji mkubwa bila barabara. Miti ikaisha. Kati yao walikuwemo waliokimbia mauaji na waliofanya mauaji, na kwenye foleni ya unga wote ni watu wenye njaa. Machi 1995 serikali ikafunga mpaka. Desemba 1996 Wanyarwanda wakarudishwa kwao, askari wakiwa nyuma yao. Nchi ilikuwa imechoka, madeni shingoni, na vita vya ukombozi vya kusini vilivyokuwa vinatupa sababu ya kuwa wakarimu vilikuwa vimekwisha.

Katika uchovu huo ndipo sheria ya 1998 ilipoandikwa. Ajabu yake ni hii: kwa maneno ni nzuri zaidi ya ile ya 1965. Imemweleza mkimbizi ni nani, imechukua maana ya Geneva na ile pana zaidi ya mkataba wa OAU wa 1969, ambao unamtambua hata anayekimbia vita na vurugu za jumla. Imeunda kamati ya taifa ya kuwasikiliza waombaji na kumshauri waziri. Imeweka zile siku saba. Ila kwa matendo, miaka iliyofuata ndiyo ya kambi, ya vibali, na ya kungoja. Nyarugusu ilifunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongomani, na wako watu waliozaliwa humo, wakaoa humo, na kama wanataka kwenda Kasulu mjini kununua dawa wanahitaji ruhusa.

Nimewahi kubishana na wenzangu ofisini juu ya hili. Wao wanasema tatizo ni sheria, tuibadilishe. Mimi nasema sheria mbaya ilifanya kazi nzuri na sheria nzuri ikafanya kazi mbaya, kwa hiyo niache kwanza niangalie nani kakaa mlangoni. Wanacheka, wananiita mwanahistoria aliyepotea njia akaingia ofisi ya sheria. Sawa tu.

Na si kwamba moyo ulikufa kabisa. Mwaka 2010 serikali iliwapa uraia Warundi wa 1972 na watoto wao wapatao 162,000, jambo ambalo sijui nchi nyingine iliyolifanya kwa ukubwa ule. Hati zao zilianza kugawiwa 2014, baada ya kusubirishwa miaka. Kenya, kwa upande wake, Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa na mkonge, ilibidi watembee kuelekea Nairobi Oktoba 2016 ndipo wasikilizwe. Mashirika ya haki yaliwasaidia na orodha na barua kwa miaka, lakini karatasi zilifuata miguu.

Nilisema nitazungumzia Nyamisati, na msomaji anaweza kuuliza delta ya Rufiji inahusika vipi na mambo ya Kigoma. Inahusika kwa chuma. Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg ilishambulia na kuzamisha meli ya Kiingereza Pegasus bandarini Unguja, kisha ikajificha ndani ya mikoko ya Rufiji. Waingereza waliitafuta kwa miezi, wakaleta hata ndege, ambazo ziliruka kutoka Mafia, na tarehe 11 Julai 1915 Wajerumani wenyewe wakaizamisha. Lakini mizinga yake kumi waliikokota nje. Mmoja ulipelekwa hadi Ziwa Tanganyika ukafungwa juu ya meli mpya, Graf von Götzen. Meli ile nayo ilizamishwa 1916, ikaibuliwa, na 1927 ikapewa jina la Liemba. Ndiyo, MV Liemba.

Mei 2015, Bujumbura ilipowaka, makumi ya maelfu ya Warundi walijazana Kagunga, kijiji cha wavuvi kilichobanwa kati ya mlima na ziwa. Barabara hakuna. Kipindupindu kikaingia. Chombo kikubwa cha kuwatoa pale kilikuwa Liemba, ikisimama mbali kwa kuwa gati hapana, na mitumbwi ikiwapeleka watu kwake, mamia kwa kila safari, hadi Kigoma. Meli iliyowahi kubeba mzinga uliotoka kwenye mikoko ya kwetu ilikuwa inabeba akina mama na watoto wenye matone ya maji ya chumvi na sukari mikononi. Na Kagunga, kabla ya mashirika kufika na mahema, aliyekuwa na daftari alikuwa nani? Kijiji.

Sasa niseme la pwani yenyewe. Oktoba 2017 mashambulizi yalianza Mocímboa da Praia, Cabo Delgado. Machi 2021 Palma ikavamiwa. Watu wakakimbilia Ruvuma, wakaingia Mtwara. Mwaka huo UNHCR walisema hadharani kwamba watu zaidi ya 9,000 walirudishwa Msumbiji kupitia Negomano, wengi wao wanawake na watoto. Hao walipitia nchi kavu. Lakini watu wa Cabo Delgado ni wavuvi pia. Wanasema Kimwani, lugha ambayo ukiisikia kwa mbali utadhani ni Kiswahili kilichosemwa na mtu mwenye haraka. Mvuvi wa Palma akipanda chombo na upepo wa kusi, akafuata pwani, akalala Kilwa, akaingia delta, akajenga kibanda kwenye dago, nani atajua kwamba huyu si mvuvi wa msimu? Siku saba zake zinaanza kuhesabika lini? Na anampata wapi mtendaji?

Swali hilo ndilo lililonipeleka Nyamisati kikazi. Shirika lilikuwa na pesa kidogo ya kuwafundisha viongozi wa vijiji sheria hii, na kwa kuwa mimi kwetu ni huko, nikatumwa. Watu kumi na wawili, chini ya mkorosho, soda na biskuti. Nikaeleza siku saba. Nikaeleza kwamba mtendaji hapewi kazi ya kuamua kama huyu ni mkimbizi wa kweli. Hiyo ni kazi ya kamati na waziri. Yeye anampokea, anaandika, anapeleka taarifa juu. Nikajiona nimesema vizuri.

Mzee mmoja, mtendaji mstaafu, alinyoosha mkono. "Binti yangu, nimekusikia. Unataka mimi nimpokee mtu nisiyemjua, amekuja usiku kwa mtumbwi. Halafu akiwa ndiye muuaji?"

Hakuna aliyecheka. Msomaji wa Dar huenda umesahau, ila Kibiti hawajasahau. Kati ya 2016 na 2017, Kibiti, Rufiji na Mkuranga waliuawa watu zaidi ya 30. Tarehe 13 Aprili 2017 askari polisi 8 waliviziwa wakauawa eneo la Jaribu. Na waliolengwa hasa, mbali na polisi, walikuwa viongozi wa vijiji: wenyeviti, watendaji, wajumbe. Watu waliokuwa na daftari. Wapo waliohama vituo, wapo waliolala nje ya nyumba zao. Na wapo raia waliochukuliwa wakati wa msako, ndugu zao wakaendelea kuwatafuta. Kwa hiyo mzee alipouliza alikuwa anauliza kuhusu shingo yake. Sheria yangu ya 1998 inamtaka afungue mlango usiku, katika wilaya ambayo wenzake waliitwa mlangoni usiku wakapigwa risasi.

Nilimjibu kwamba sheria hiyo hiyo inamnyima hifadhi mtu aliyefanya makosa makubwa ya kivita au ya jinai, na kwamba kumwandika mgeni ni ulinzi kuliko kumwacha kichakani bila jina. Ni jibu la kweli. Wenzangu wakubwa wangelipenda. Mzee alitikisa kichwa kwa adabu, kama unavyomtikisia kichwa mtoto aliyesoma vizuri risala.

Mama mmoja, mwenyekiti wa kitongoji, ndiye aliyenisaidia. Alisema, "Lakini mzee wangu, si sisi tulihamishwa na maji? Mwaka ule nani alituuliza barua?" Alikuwa anasema mafuriko ya Aprili 2024, yaliyofunika mashamba na nyumba za Rufiji na Kibiti. Wazee wakaanza kuhesabu mafuriko yao kama watu wanaohesabu wajukuu: ya 1968, ambayo baada yake serikali ilihamisha watu wa bondeni kuwapeleka vijiji vya juu, wakaacha miembe yao nyuma, ya Elnino, 1997 kuingia 1998, na hii ya juzi. Mmoja akasema bibi yake alisimulia kukimbia mizinga ya Wajerumani na Waingereza, akaenda kujificha Mafia. Mwingine akasema babu yake hakuwa mtu wa hapa kabisa. Alitoka "huko juu", alikuja akiwa mdogo, na familia hailizungumzii.

Huyo wa mwisho aliposema hivyo palikuwa kimya kidogo. Katika delta unajua maana ya babu aliyetoka huko juu akiwa mdogo, peke yake. Mimi nilitaka kuwatajia Elton na watu wake zaidi ya 4,000, nikanyamaza. Haikuwa yangu kusema.

Mzee mtendaji mstaafu aliomba daftari langu. "Basi nionyeshe," akasema. "Akija, naandika nini?" Fomu maalumu sikuwa nayo. Nikapiga mistari kwa rula ya mwanafunzi mmoja aliyekuwa anapita. Jina. Alikotoka. Siku aliyofika. Amekuja na nani. Anaogopa nini, kwa maneno yake mwenyewe, si kwa maneno ya mwandishi. Nikapigia mstari hapo kwenye maneno yake mwenyewe, nikamweleza habari ya "juu ya vita", akacheka, akasema hata Wanyagatwa na watu wa Dar hawaelewani, sembuse Kongo.

Akasoma safu zote polepole, kidole kikitembea. Kisha akaniuliza kwa nini nimeweka safu ya jina la mgeni na sikuweka ya jina la aliyempokea. Nikasema haihitajiki. Akachukua kalamu mkononi mwangu, akapiga mstari mwingine pembeni, umepinda kidogo, akaandika juu yake: Mwenyeji.